Bomba likivuja Mbulumbulu, nani anaambiwa?

WAKULIMA wa Kata ya Mbulumbulu, wilayani Karatu, si wageni wa mashine. Upper Kitete, mojawapo ya vijiji vya huko, ilikuwa miongoni mwa makazi ya mpango yaliyoanzishwa na Serikali mara baada ya Uhuru, na ngano ililimwa kwa trekta wakati sehemu nyingi za nchi zikitegemea jembe la mkono. Hadi leo mkulima wa ngano, mahindi, maharage au mbaazi katika miinuko hiyo anajua trekta ikigoma aende kwa fundi yupi.

Kifaa kisicho na wa kukisemea ni kile kidogo zaidi: bomba la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni.

Bomba hilo huanza kuharibika taratibu. Mpira wa mfuniko unalegea na dawa inashuka mgongoni kupitia shati. Vali ya kwenye mkono wa kupulizia haifungi sawasawa, dawa inachuruzika kiganjani. Mkulima anakata kipande cha tyubu ya baiskeli, anaziba, kazi inaendelea. Jioni kichwa kinamuuma, jasho linamtoka, kichefuchefu kinamshika. Kwa aliyeshika dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti, hizo ni dalili za sumu. Lakini kwa kuwa zinafanana na za malaria na homa nyingine, anameza vidonge, analala, na kesho bomba linarudi shambani. Daftari la zahanati halina habari hiyo, mwenye duka la pembejeo hana, ofisa ugani hana. Jirani yake naye anakwenda dukani kununua bomba la aina ile ile.

Mtu anaweza kudhani huo ni uzembe wa watu wa shamba, na kwamba wenye mitambo ya mabilioni hawawezi kuendesha mambo namna hiyo. Wamewahi, tena kwa vali.

Septemba 1977, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Davis-Besse, jimbo la Ohio nchini Marekani, vali ya kupunguzia presha ilifunguka ikakataa kufunga. Baada ya dakika kama 20 waendeshaji walitambua, wakafunga vali nyingine iliyo kwenye njia hiyo hiyo, na kwa kuwa mtambo ulikuwa ukifanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake, hakuna aliyedhurika. Mhandisi mmoja wa Babcock & Wilcox, kampuni iliyouza mtambo huo, alilichunguza tukio hilo na mapema mwaka 1978 akaandika waraka akitaka wateja wengine waonywe. Waraka ukazunguka kutoka meza hii hadi ile. Wateja hawakuonywa.

Machi 28, 1979, saa 10 alfajiri, vali ya kazi hiyo hiyo, katika mtambo wa kampuni hiyo hiyo, ilikwama wazi katika kituo cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania. Taa kwenye chumba cha uendeshaji ilionyesha kwamba amri ya kufunga vali imetumwa. Haikuonyesha kama vali imefunga kweli. Waendeshaji walidhani maji yamezidi, wakayapunguza, kumbe yalikuwa yakitoka. Karibu nusu ya kiini cha mtambo kiliyeyuka. Mionzi iliyotoka nje ilikuwa kidogo, lakini mtambo haukuwaka tena, na kuusafisha kuligharimu karibu dola bilioni moja.

Waliokuwa Pennsylvania hawakukosa elimu wala glavu. Walikosa habari ambayo wenzao wa Ohio walikuwa nayo kwa mwaka mmoja na nusu.

Desemba mwaka huo huo kampuni za nyuklia za Marekani ziliunda taasisi ya pamoja ya kupeana habari za hitilafu. Leo sheria ya nchi hiyo inamtaka mwenye kituo kupeleka ripoti ya hitilafu za aina fulani ndani ya siku 60, na muuzaji wa vifaa anayegundua kasoro ya hatari katika bidhaa yake naye anatakiwa kuisema. Hilo la muuzaji ndilo ambalo Karatu ingefaa kuliangalia kwanza.

Lakini sheria peke yake haitoshi. Agosti 2002 kampuni ya umeme ya TEPCO ya Japani ilikiri kwamba kwa miaka mingi rekodi za ukaguzi wa mitambo yake zilipotoshwa na nyufa kufichwa. Mkaguzi aliyekuwa ameifikishia Serikali habari hizo tangu mwaka 2000 aligeuziwa kibao: jina lake lilipelekwa kwa kampuni ile ile aliyoishtaki. Nani angetaka kuwa wa pili? Kufikia Aprili 2003 mitambo yote 17 ya TEPCO ilikuwa imesimamishwa ili ikaguliwe.

Hasara ya mambo haya haiishii kwa wenye mitambo. Kasoro ya vijiti vya kuzimia mtambo wa Chernobyl, Ukraine, ilishagunduliwa mwaka 1983 katika kituo cha Ignalina, Lithuania, lakini marekebisho hayakufanyika. Aprili 26, 1986, mtambo ulilipuka, na mionzi katika chakula ikawa suala la biashara ya dunia nzima. Kwa miaka mingi mfanyabiashara wa Tanzania anayepeleka mazao nje amekuwa akidaiwa cheti cha mionzi, kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), yenye maabara Arusha. Mbaazi za Mbulumbulu hazikukosa lolote, ila zimepanga foleni ya kupimwa.

Sasa turudi kwenye bomba. Nchi haina uhaba wa chombo cha kupokea taarifa. Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyochukua kazi za iliyokuwa TPRI, na makao yake yako Arusha, mkoa huo huo. Tanzania pia ni mwanachama wa Mkataba wa Rotterdam, ulioanza kutumika Februari 2004, ambao Ibara yake ya 6 inairuhusu nchi inayoendelea kupeleka taarifa za dawa inayowadhuru wakulima katika mazingira yao halisi ya kazi. Taarifa ya namna hiyo inahitaji kueleza dawa ilipulizwaje na kwa kifaa gani. Bila mtu wa kijijini kuandika, Arusha haina cha kupeleka.

Kinachokwamisha ni swali la kwanza ambalo mkulima huulizwa akilalamika: “Ulivaa glavu?” Akijibu hapana, kesi imeisha, kosa ni lake, na bomba halitazamwi. Akishaulizwa hivyo mara moja, harudi tena. Mwenye duka naye ana hofu yake, kwamba akiandika kuwa aina fulani inavuja, mzigo uliobaki stoo utamfia. Hofu hiyo ni ya haki, na haiondoki kwa semina. Itapungua kama maduka yote ya Karatu yataandika, si moja, na kama majina ya wauzaji na wakulima yatabaki kwa ofisa ugani, huku aina ya bomba na mahali lilipovujia ndivyo vinavyopelekwa mbele.

Daftari lenyewe ni la kurasa chache: tarehe, aina ya bomba, limetumika misimu mingapi, limeharibika wapi, dawa iliyokuwamo. Ofisa ugani alipitie kila mwezi. Zahanati nayo iongeze swali moja kwa kila mwenye kichwa na kichefuchefu msimu wa kupulizia: jana ulishika dawa gani? Na mwenye duka, mteja akija kununua bomba jipya, kabla ya kupokea fedha amuulize la zamani lilikufa kwa ugonjwa gani, kisha aandike jibu hata kama ni kwa penseli.