Bi Harusi, Pato Lako Limeandikwa Wapi?



Wiki mbili zilizopita nilipanda boti ya asubuhi kwenda Dar kumsaidia mama yangu mdogo kujaza fomu. Mama mdogo ana miaka 58 na ana duka la madera na mitandio Kariakoo, karibu na Mtaa wa Kongo. Biashara hiyo aliianza akiwa bi harusi, kwa pesa ya mahari yake mwenyewe. Mumewe, Mungu amrehemu, ametangulia mbele ya haki miaka mitatu sasa. Binti yake mkubwa ameolewa Dubai, ana watoto watatu, na kila akipiga simu maneno ni yale yale: "Mama, umechoka na Kariakoo, njoo ukae karibu na sisi." Safari hii mama mdogo alikubali, kwa sharti moja: asiwe mzigo kwa mkwe. Anataka aende kwa viza yake mwenyewe, viza ya mtu aliyestaafu.

Kama hamjaisikia, ipo. Dubai ilianzisha viza ya kustaafu Septemba 2020 kwa watu wa miaka 55 na kuendelea. Ni ya miaka 5 na inaweza kuongezwa. Ilipoanza, mwombaji alitakiwa atimize moja kati ya mambo matatu: awe na pato la dirham 20,000 kila mwezi, au akiba ya dirham milioni 1, au nyumba huko Dubai yenye thamani ya dirham milioni 2. Masharti hayo hurekebishwa, kwa hiyo mwenye nia asome ya sasa kwenye tovuti ya serikali yao, asitegemee maneno ya wakala. Lakini mtaona sura yake. Dirham 20,000 ni kama dola 5,400, yaani zaidi ya shilingi milioni 13 kwa mwezi.

Wala si Dubai peke yao. Thailand humtaka mstaafu wa miaka 50 na zaidi aoneshe baht 65,000 kwa mwezi au baht 800,000 benki. Malaysia, ambako Waislamu wengi tunapapenda, mwaka 2021 walipandisha kiwango kutoka ringgit 10,000 kwa mwezi hadi 40,000, kisha wakabadilisha tena mpango wao. Kila nchi ina hesabu yake, lakini swali ni moja: unaingiza kiasi gani, na ushahidi uko wapi?

Mama mdogo aliposikia milioni 13 alicheka. "Mwezi wa Shaaban peke yake nauza zaidi ya hizo." Na wallahi ni kweli, nimekaa dukani kwake kabla ya Ramadhani nikaona. Lakini tulipoanza kujaza, kicheko kilikatika.

Kwanza, alichokitaja ni mauzo, na fomu inauliza pato. Pesa ya mzigo inatoka humo humo, kodi ya fremu humo humo, ada za skuli za watoto, mchango wa harusi ya jirani na kitoweo cha jioni, vyote kwenye droo moja. Miaka zaidi ya 30 hajawahi kujua faida yake ya mwezi mmoja ni shilingi ngapi.

Pili, akaunti ya benki anayo, lakini pesa haikai. Inaingia Jumatatu, Jumatano imeshatumwa kununua mzigo. Akiba yake ya kweli iko kwenye upatu wa wanawake kumi. Zamu yake ikifika, zinaingia milioni kadhaa kwa siku moja. Kwa sisi hiyo ni ada ya kuaminiana. Kwa anayekagua maombi ya viza, ni pesa iliyotokea ghafla na isiyojulikana ilikotoka.

Tatu ni kodi. Biashara yenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kwa makadirio, na kila mfanyabiashara anajua jinsi ya kujionesha mdogo siku ya makadirio. Sasa, ukiiambia TRA kwamba unauza kidogo, utauambiaje ubalozi kwamba unaingiza milioni 13 kwa mwezi? Karatasi moja itaisuta nyingine, na zote mbili zina saini yako.

La nne ndilo lililonifanya niandike makala hii. Tukatafuta mkataba wa fremu. Kilemba cha ile fremu alikitoa yeye, kwa pesa ya biashara yake, lakini aliyekwenda kuandikishana na mwenye nyumba alikuwa mume, kwa sababu "mambo ya wanaume wazungumze wanaume." Nyumba ya Magomeni walijenga pamoja, yeye akitoa saruji na mabati kutoka dukani, lakini hati ina jina la mume. Marehemu alipofariki, vyote vilihesabiwa kuwa tirka yake. Mke mwenye mume aliyeacha watoto hurithi thumni, moja ya nane, na mama mdogo alikuwa na mke mwenza, kwa hiyo thumni yenyewe waligawana wawili. Fremu alibakishwa kwa huruma ya watoto wa mume, na sasa analipa kodi kwenye duka alilolianzisha kwa mahari yake.

Nataka niseme hapa kwa uwazi, kwa sababu wapo watakaosema ninaipinga mirathi. Hasha. Thumni ni haki aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika mali ya mume, na tumeipokea. Mali ya mke haikutakiwa kuingia kwenye tirka ya mume hata shilingi moja. Dini yetu imempa mwanamke mali yake tangu karne na karne. Mahari ni yake, faida ya biashara yake ni yake, mume hana ruhusa ya kuigusa bila ya ridhaa yake. Kilichomdhulumu mama mdogo ni ukimya, wake na wetu sote. Siku ya kugawa hakukuwa na karatasi wala shahidi wa kusema hiki ni cha mke.

Na sheria ya nchi nayo inakwenda na jina. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vingine. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa ni ya wote kwa usawa. Kuthibitisha vingine wakati mwenye jina yuko kaburini si kazi ndogo, dada yangu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: lile swali la viza ya kustaafu ni swali ambalo kila bi harusi anatakiwa ajiulize wiki ya kwanza ya ndoa, hata kama hana mpango wa kutoka Kariakoo wala Michenzani. Pato lako ni lipi, na limeandikwa wapi?

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza: kuandika ni kutoaminiana na mume. Basi someni tena Suratul Baqara, aya ya 282. Ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi. Waumini walioamrishwa kuandika ni watu wanaoaminiana, wanaosali safu moja. Kuandika kunalinda mapenzi, maana hakuna atakayebaki na shaka moyoni. Mume mwema hatachukia jina lako kuwa kwenye kitu chako. Anayechukia, ni bora umjue mapema.

Jibu la pili: mume ndiye mwenye wajibu wa nafaka, mimi ya nini kuhangaika? Kweli, wajibu ni wake, na usimpokonye. Lakini nafaka ina mwisho. Mume akifa unakaa eda miezi minne na siku kumi, kisha unatoka chumbani unakuta maisha yanakusubiri na umri umekwenda. Mama mdogo alitoka eda akiwa na miaka 55.

Jibu la tatu lilitoka kwa wakala aliyetujia dukani siku ile ile. Alisema hilo ni jambo dogo, kuna watu wanakujazia akaunti kwa siku chache, unachukua taarifa ya benki, wanatoa pesa zao na wewe unawalipa asilimia. Nilimwona mama mdogo anafikiria. Simlaumu, anataka kuwaona wajukuu zake. Lakini huo ni uongo wa maandishi, na pesa inayolipiwa asilimia kwa kukaa tu kwenye akaunti yako inanuka riba. Hata kidunia haifai. Wakaguzi huangalia miezi iliyopita, si siku moja, na pesa iliyoruka ghafla ndiyo wanayoiona kwanza. Uingereza, kwa mfano, anayekutwa amedanganya kwenye maombi anaweza kufungiwa viza miaka 10. Tulimshukuru, tukamwambia kwaheri.

Na nyie mabinti mnaoposwa na vijana wa Uingereza, hili linawahusu kabla hata ya uzee. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, anayetaka kumleta mke lazima awe na pato la pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, tangu 2012, ilikuwa pauni 18,600. Nimeona nikaha zimefungwa, picha zimepigwa, na bi harusi yuko kwao mwaka wa pili anasubiri mume apandishwe mshahara. Muulizeni mchumba kabla ya kupanga ukumbi, si aibu. Na mjue kwamba faida ya duka lako la Kariakoo haiingii kwenye hesabu ile, lakini kodi ya nyumba iliyo kwa jina lako inaingia, pensheni inaingia, na akiba iliyokaa zaidi ya miezi sita inaweza kusaidia. Tazameni hapo: kinachohesabika ni kile chenye jina lako na kinachoendelea kuingia hata ukiwa umekaa.

Sasa tufanye nini? Mahari yako iingize kwenye akaunti yako, hata kama ni ndogo. Anayeogopa riba ana njia: Amana Bank ilifunguliwa Dar mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu, na hapa kwetu PBZ ina huduma hiyo. Leseni, TIN na mkataba wa fremu viwe kwa jina lako. Jilipe mshahara, tarehe ile ile kila mwezi, kwenye akaunti tofauti na ya mzigo, hata ukiwa laki mbili, uone faida yako halisi. Upatu endelea nao, lakini weka daftari la nani kampa nani. Ukichangia nyumba na mume, andikeni majina yote mawili, au andikishaneni hisa mbele ya mashahidi. Na makadirio ya kodi, sema kweli. Ni kweli hiyo hiyo utakayoihitaji kesho.

Kisha jiunge na mfuko. NSSF huko Bara na ZSSF kwetu hupokea michango ya hiari ya waliojiajiri. NSSF pensheni ya kila mwezi inahitaji michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15, na unaweza kustaafu kwa hiari ukiwa na 55. Anayeanza na miaka 40 anawahi. Mama mdogo, kwa 58, amechelewa. Sisemi kwamba pensheni hiyo itakupeleka Dubai, haitafika milioni 13. Ila itakuja kila mwezi na jina lako juu yake. Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni kheri kubwa na Mungu awalipe walioianzisha, lakini mtu hapangi uzee wake wote juu ya hiyo.

Wengine watasema, kwani lazima azeekee ugenini? Afadhali arudi Unguja, asikie adhana ya mtaani kwao na azikwe kwao. Mimi mwenyewe namtakia hilo. Lakini nataka achague yeye, asichaguliwe na karatasi asizokuwa nazo.

Fomu hatukuipeleka. Mama mdogo ataomba viza ya kutembea, akakae na wajukuu kidogo, arudi. Kabla sijaondoka tulikwenda kwa mwenye nyumba pamoja na watoto wa marehemu, wakakubali mkataba mpya wa fremu uandikwe kwa jina lake. Aliusaini taratibu, akausoma mara mbili. Binti yake mdogo anaolewa Mfungo Mosi, inshaAllah. Jambo la kwanza alilomwambia jioni ile halikuwa la sare wala la hina. Alimwambia, "Kesho twende benki, ukafungue akaunti kabla mahari haijaja."

Mwenyezi Mungu atupe mali ya halali, waume wema na uzee wenye heshima. Amin.