TAARIFA YA TAWI: RISITI SI TAARIFA

Ndugu wanachama,

Soko la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021. Novemba 16, 2024 ghorofa likaporomoka Kariakoo hiyo hiyo, watu wakiwa kazini.

Sisi wa tawi la sokoni tunasema: ada ya ukaguzi wa moto tunalipa, risiti tunapata, lakini matokeo yanaishia kwenye kabati la uongozi wa soko. Mama ntilie na fundi cherehani hawajui waya upi ni mbovu wala njia ipi imezibwa.

Msimamo wetu: kila ukaguzi, Zimamoto wazungumze na wafanyabiashara papo hapo, na matokeo yabandikwe getini.

Na sisi tutimize wajibu: leo kila mwanachama ahifadhi 114, namba ya Zimamoto, na aondoe mzigo njiani.

Katibu wa Tawi