Kongoti Hana Kosa, Kosa ni la Jaa

MTU yeyote anayeegesha gari kando ya barabara jijini Mwanza, hasa katika mitaa iliyo karibu na ziwa, anaijua adha ya asubuhi. Jioni ameliacha gari safi chini ya mti. Asubuhi analikuta limetapakaa kinyesi cheupe kuanzia boneti hadi kioo cha nyuma. Juu ya mti wamesimama kongoti, wale korongo wakubwa wenye vichwa vya kipara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni, wametulia kama wazee wa baraza. Mpita njia hucheka. Mwenye gari hacheki.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni shauri la wenye magari, na wenye magari ni wachache. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo. Gari la halmashauri linaloharibika rangi na nyaya ni mali ya umma, na fedha ya kulitengeneza hutoka katika mfuko uleule unaonunua madawati na dawa. Mwalimu aliyenunua gari kuukuu kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na ambaye bado anakatwa mshahara kila mwezi, hakununua anasa. Amenunua chombo cha kumfikisha kazini na kumpeleka mgonjwa wake hospitali ya Bugando usiku wa manane. Na zaidi ya yote, jaa la taka linalowaita ndege hao ni jaa letu sote, wenye magari na wasio na magari.

Kwanza hatuna budi kuielewa hasara yenyewe. Ndege hana mkojo wa majimaji kama wa binadamu; uchafu wa mafigo yake hutoka pamoja na kinyesi, na ile sehemu nyeupe ni asidi iliyoganda. Asidi hiyo ikikaa juu ya rangi ya gari huanza kuila. Jua la Mwanza huongeza ubaya, kwa sababu bati likipata moto rangi hulegea na kutanuka, kisha usiku hujikunyata kuuzunguka uchafu uliokwisha kukauka. Alama inayobaki haitoki kwa kuosha. Kongoti naye si ndege mdogo. Kimo chake huweza kufikia mita 1.5, na mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita 2.5. Anachokula ni matumbo ya samaki, mabaki ya nyama na mizoga, na anachokiangusha kinalingana na mlo wake.

Kongoti si peke yake. Wako ndege wadogo wanaojiona katika vioo vya pembeni, wakadhani wamekutana na mpinzani, wakapigana naye mpaka kioo kikajaa mikwaruzo na uchafu. Wako panya, nao ndio wabaya kuliko wote. Panya huingia katika injini iliyo bado na joto, hujenga kiota kwa matambara na majani makavu, kisha huguguna nyaya. Waya uliochunwa unaweza kulizimisha gari katikati ya safari, na unaweza pia kuliwasha moto. Lakini pimbi, yule mkazi wa asili wa mawe yetu, anayeota jua asubuhi juu ya miamba ya jiji hili, hatujaona sababu ya kumshtaki. Ana mwamba wake na majani yake, wala hategemei takataka za mtu.

Tofauti hiyo ya pimbi na kongoti ndiyo kiini cha hoja yetu. Mnyama anayejitafutia riziki porini hana ugomvi na gari la mtu. Anayetuletea hasara ni yule tuliyemwita wenyewe kwa kumwandalia karamu.

Tutazame jinsi karamu hiyo ilivyoandaliwa. Sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Alipoenea, biashara yake ilikua, na kuanzia miaka ya 1990 Mwanza ikawa kituo kikubwa cha viwanda vya kukata minofu kwa ajili ya soko la nje. Minofu ilisafirishwa, vichwa na mifupa, ambavyo watu wa Mwanza huviita mapanki, vilibaki na kuwa chakula na biashara ya wanyonge. Wala mapanki si jambo la kudharau, kwani yamelisha familia nyingi na kusomesha watoto. Lakini penye samaki pana matumbo, magamba na maji ya damu. Soko la Mwaloni Kirumba, mabucha, magenge ya mama lishe na masoko ya mitaani kila siku hutoa mabaki. Mabaki yanayoondolewa siku hiyohiyo hayamwiti mtu. Yanayolala siku tatu hupata wageni: nzi kwanza, panya usiku, na kongoti alfajiri. Pasipo mzoga hapana tai.

Majirani zetu nao wanalijua jambo hili. Kampala imeishi na kongoti kwa zaidi ya miaka 50. Katika miaka ya 1970 Derek Pomeroy wa Chuo Kikuu cha Makerere aliwachunguza ndege hao na makundi yao yanayozaliana nchini Uganda, na yeyote anayefika Kampala leo huwaona juu ya miti ya barabarani na katika majalala. Nairobi nayo ina miti yake iliyo karibu na uwanja wa Nyayo, ambapo mwenye gari na mwenda kwa miguu wote hupita wakitazama juu. Miji hii mitatu haifanani kwa sheria wala kwa serikali. Inafanana kwa kitu kimoja: inazalisha taka nyingi kuliko inavyoziondoa.

Kila suala hili linapozungumzwa, husikika mapendekezo mawili. La kwanza ni kukata miti. La pili ni kuwatilia ndege sumu. Tungependa ieleweke wazi kwamba yote mawili ni makosa.

Mti wa barabarani haukupandwa kwa ajili ya ndege. Ulipandwa ili mwananchi anayesubiri daladala, mama anayeuza matunda na mwanafunzi anayerudi nyumbani saa nane mchana wapate kivuli. Kuukata mti kwa sababu ya rangi ya gari ni kuwaadhibu mamia ili kumfurahisha mmoja, na huyo mmoja naye ataliegesha gari lake juani. Kongoti wala hatahama mji. Atahamia paa la shule au nguzo ya taa, maana jaa lake bado lipo.

Sumu ni hatari zaidi. Nyama yenye sumu haichagui mdomo. Huliwa na mbwa, paka na mwewe. Mvua ikinyesha mabaki yake huchukuliwa na mto Mirongo hadi ziwani, na maji tunayokunywa yanatoka katika ziwa hilohilo. Watoto wanaookota vitu majalalani nao wasisahauliwe. Zaidi ya hayo, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumwua mnyamapori kwa hiari yake tu bila kibali, hata kama mnyama huyo amemchafulia gari.

Historia ya pwani yetu inatufundisha pia. Katika miaka ya 1890 kunguru wa India waliletwa Unguja ili wale takataka za mji. Watawala wa siku zile waliona ni rahisi kuleta ndege kuliko kuweka utaratibu wa kuzoa taka. Kunguru wakala taka, kisha wakala mayai na makinda ya ndege wa asili, wakavuka bahari hadi Dar es Salaam na Mombasa. Dar es Salaam imetumia mitego na sumu kwa nyakati mbalimbali, na kunguru bado wapo. Aliyemwajiri ndege kuwa mzoa taka wake asishangae ndege huyo akidai mshahara.

Je, mwenye gari afanye nini leo, kabla jaa halijaondolewa? Asiegeshe chini ya mti ambao ardhi yake tayari ni nyeupe, kwani hiyo ni alama ya kwamba ndege hulala hapo kila usiku. Asiegeshe kando ya jaa wala kando ya genge la chakula, maana hapo ndipo makao ya panya. Asiache chakula ndani ya gari. Gari linalolala nje lifunikwe kwa turubai jepesi, lakini livikwe likiwa safi, kwa sababu mchanga ulio chini ya turubai hukwaruza rangi. Vioo vya pembeni vinavyoshambuliwa na ndege wadogo vivishwe mfuko wa kitambaa. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, boneti ifunguliwe. Dakika moja ya kutazama kama kuna kiota au waya uliotafunwa huokoa gharama kubwa kwa fundi.

Kinyesi kikiwa kimeanguka, kiondolewe siku hiyohiyo. Kisisuguliwe kikavu, kwani ndani yake mna mchanga na chembe za mifupa zinazochana rangi, na vumbi lake si zuri kwa mapafu ya anayelivuta. Kitambaa kilicholoweshwa maji kiwekwe juu yake kwa dakika kadhaa mpaka kilainike, kisha kiondolewe taratibu na mahali pale paoshwe. Anayeweza kupaka gari nta mara kwa mara anaiongezea rangi kinga. Ila gari lisipelekwe kuoshewa ziwani. Mafuta na sabuni vinavyoingia majini ni hasara kubwa kuliko ile tuliyokuwa tukiikimbia.

Kwa wakuu wa ofisi za umma tunasema hivi: magari mliyokabidhiwa si yenu. Yawe na mahali pa kulala palipoezekwa na pasipokuwa na takataka, na dereva atakiwe kuyakagua kila asubuhi. Gari la serikali linaloachwa chini ya mti mwaka mzima, kisha likaombewa fedha ya kupakwa rangi upya, limeharibiwa na uzembe. Ndege ametajwa tu katika taarifa.

Kwa walimu tuna ombi. Watoto wetu wengi humwona kongoti kuwa shabaha ya mawe. Jiwe linalomkosa ndege halikosi kioo cha gari au kichwa cha mtu. Mwanafunzi afundishwe kwamba ndege huyu hula mizoga ambayo ingeoza mbele ya milango yetu, na kwamba wingi wake mjini ni kipimo cha uchafu wetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilionyesha kwamba elimu ya usafi ikifika kwa wananchi kwa lugha wanayoielewa, wananchi hutenda. Somo hilo halijachakaa.

Mwisho, tunazigeukia mamlaka zenye dhamana, yaani Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziwekea serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu katika maeneo yao. Wajibu huo hautimizwi kwa matangazo. Mabaki ya samaki na nyama hayana budi kuondolewa kila siku, kabla ya giza, na vyombo vya kuyawekea viwe na mifuniko inayofunga. Isiwe kwamba ada ya taka inakusanywa kila mwezi bila kukosa, lakini taka zenyewe zinakusanywa ikipatikana nafasi. Tarehe 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipobadilishwa kuwa siku ya usafi, nchi nzima ilishika fagio. Tuliona siku ile kwamba uwezo tunao. Kinachotakiwa ni kuufanya uwezo huo uwe desturi ya kila jioni.

Mwananchi naye asimwachie halmashauri kila kitu. Anayetupa matumbo ya samaki mtaroni usiku hana haki ya kulalamika asubuhi. Mfanyabiashara wa Mwaloni, mwenye bucha na mama lishe wote waelewe kwamba ndoo yenye mfuniko ni sehemu ya biashara yao.

Kongoti ataendelea kuruka juu ya Ziwa Viktoria, na hatupendi iwe vinginevyo. Alikuwapo kabla ya magari na kabla ya mji. Tunachotaka ni kwamba aende kutafuta riziki yake ufukweni na porini, badala ya kuipata bure mbele ya milango yetu. Tukiliondoa jaa, ndege watapungua juu ya miti, panya watapungua katika injini, na kivuli cha barabarani kitabaki kwa wale waliopandiwa.