Mfungulie Kwanza, Maswali Baadaye

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ni tamu pale mgeni anapofika mchana na kuku mkononi. Je, akija usiku, mikono mitupu, huku anawindwa? Hapa Ntimaru, karibu na mpaka wa Tanzania, swali hilo si la vitabuni, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza turudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 1938 Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wakiandamwa na serikali ya Hitler. Walifukuzwa kazini na kunyang'anywa haki za uraia. Julai mwaka huo wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian, Ufaransa, kujadili masaibu yao. Hotuba za huruma zilitolewa, kisha karibu wote wakakataa kuongeza wakimbizi. Novemba masinagogi yakachomwa, na wanaume wapatao 30,000 wakatupwa kambini. Kufikia mwisho wa vita mwaka wa 1945, Wayahudi milioni sita walikuwa wameuawa.

Wachache waliponea hapa kwetu Kenya. Miongoni mwao alikuwa mtoto, Stefanie Zweig. Baba yake, Walter, aliyekuwa mwanasheria, alitangulia mwaka wa 1938. Mkewe na binti yao wakafuata mwaka huohuo. Wakoloni walitaka dhamana kwamba mgeni hatakuwa mzigo, na Wayahudi wa Nairobi wakawasaidia wenzao kwa fedha na kuwatafutia kazi. Mwanasheria akawa msimamizi wa shamba huko Rongai. Jamaa zao waliobaki Ujerumani waliuawa.

Stefanie alikua, akaandika riwaya iliyotokana na maisha hayo, ikachapishwa mwaka wa 1995. Filamu yake ilishinda tuzo ya Oscar mwaka wa 2003. Humo tunakutana na mpishi Mjaluo, Owuor. Ndiye anayemuuguza bwana anapolazwa na malaria, na ndiye anayemfunza mtoto Kiswahili.

Jamani, hebu tafakari. Siku hizo mwanamume Mwafrika alilazimishwa na sheria kubeba kipande, na ardhi nono ilitengewa Wazungu. Mtu wa namna hiyo angeweza kusema, "Taabu za Wazungu zinanihusu nini?" Lakini Owuor alimwona mgonjwa, akachemsha maji.

Serikali nayo iliona karatasi. Vita vilipoanza Septemba 1939, Waingereza waliwakamata wakimbizi haohao kwa kuwa walitoka Ujerumani, wakawaita maadui. Wanaume walipelekwa kambini, wanawake na watoto wakawekwa hotelini Nairobi.

Sasa turudi Ntimaru. Likizo ya Desemba inapokaribia, baadhi ya wasichana wa Kikuria hukimbia kisu cha tohara. Wengine hukimbilia makanisa na shule, wengine huvuka mpaka. La hasha, silinganishi mambo haya na mauaji ya Hitler. Ninalolinganisha ni hodi ya mtoto anayekimbia. Sheria ya mwaka 2011 imeharamisha ukeketaji, lakini sheria haiamki saa nane za usiku kufungua mlango. Anayeamka ni mama wa nyumba, naye anajua kwamba kesho kisimani watamnuna, na huenda shemeji zake wasimsalimie mwaka mzima.

Kwa hiyo, mama na baba, zungumzeni mapema, kabla hodi haijapigwa. Kubalianeni nani atafungua na mtoto atalala wapi. Mpeni uji na blanketi. Asirudishwe kwao usiku huohuo, hata mjomba wake akija na maneno matamu. Kukicha, mwoneni chifu au mwalimu mnayemwamini, au pigeni simu 116, laini ya kuwasaidia watoto, isiyotozwa malipo.

Na mkishakula chakula cha mchana leo, waulizeni watoto wenu: wakipatwa na hatari, wangekimbilia nyumba ya nani hapa kijijini? Kisha jiulizeni kama watoto wa jirani wangeitaja yenu.