Paka Anapogeuka Mkali Ghafla
Paka mpole anapomng'ata ghafla anayemfuga, wengi husema ameingiwa na shetani, kisha humchapa na kumtupa nje. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mara nyingi ukali huo ni kilio cha maumivu: jino bovu, jipu lililofichwa na manyoya, au, kwa paka dume, njia ya mkojo iliyoziba, hali iwezayo kumwua kwa siku chache.

Hata hivyo, huruma isifunike hatari. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, na dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Jeraha, hata liwe dogo kama tundu la sindano, lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na majeruhi aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mhudumu naye asiishie kwenye kidonda. Aulize paka yuko wapi, amechanjwa lini, amebadilika vipi. Paka aliyefungiwa mahali salama na kuangaliwa na daktari wa mifugo kwa siku 10 hutoa jibu ambalo aliyeuawa na kutupwa jalalani hawezi kulitoa. Lakini chanjo ya majeruhi isisubiri jibu hilo.