Mfinyanzi na Gae Lake

Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii tumeizoea hata tumesahau kuuliza: ni nani basi alaye katika chungu chake?

Yuko mtumishi wa umma ambaye, akitumwa kikazi Mbeya, hupata nafasi ya kuteremka hadi Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Siku ya Jumamosi gulio la Lyulilo hujaa vyungu vya Wakisi. Akina mama wa Ikombe huvifinyanga kwa mikono, huvipamba kwa udongo mwekundu, huvichoma, kisha huvivusha kwa mitumbwi chini ya Milima ya Livingstone. Ndugu yetu huinua chungu, hukigonga kwa kidole, hukisifu, halafu hudai apunguziwe bei mpaka mama yule abakiwe na uchovu tu. Pengine hakinunui kabisa. Hurudi kwake na seti ya vikombe vya kigeni, aliyoinunua dukani mjini bila kuomba apunguziwe hata senti tano, na kuwaambia watoto kuwa hiyo ndiyo zawadi ya Mbeya!

Hii ni nini kama si kasumba?

Watetezi wake watasema chungu huvunjika njiani. Je, kikombe cha kaure hakivunjiki? Mbona hicho hukiviringisha katika fulana yake na kukipakata kama mtoto mchanga? Kinachokosekana hapa si usalama wa safari; ni heshima. Wengine watasema chungu ni chombo cha watu wa shamba. Basi watueleze kwa nini mtalii aliyevuka bahari hukitafuta na kukiweka sebuleni kwake kwa fahari. Je, ni lazima mgeni atufundishe uzuri wa vitu vyetu?

Wala chungu si pambo la rafu tu. Mtungi hupoza maji kwa sababu maji hupenya katika vinyweleo vya udongo, yakageuka mvuke na kuondoka na joto. Mwalimu anayelalamika kwamba shule yake haina vifaa vya kufundishia sayansi anacho kimoja jikoni kwa bibi yake.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alilitangazia Bunge kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Lakini hakuna wizara iwezayo kututhaminia vyetu ikiwa sisi wenyewe, tuliosomeshwa kwa jasho la wakulima na wafinyanzi, tunavionea haya.

Binti wa Ikombe anamtazama mama yake. Akiona kwamba kazi ile hainunui hata daftari, hataugusa udongo. Ndugu mtumishi, ndugu mwalimu, ukifika Lyulilo lipa bei ya haki. La sivyo, itafika siku tutavitazama vyungu vyetu katika majumba ya makumbusho ya nchi za watu, tena kwa kulipa kiingilio.