Nauli Aliyoomba Shangazi

Ndugu zangu wana-Katavi mlioko hapa Marekani,

Shangazi yangu wa Katumba alianza kutokwa damu miaka saba baada ya hedhi kukoma. Alipopanda treni Mpanda, akaunganisha Tabora hadi Dar es Salaam na kufika hospitali ya saratani ya Ocean Road, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa. Alipofariki, tulichangishana hapa kwa siku mbili tu. Fedha za jeneza na za kusafirisha mwili zikatosha na kubaki. Miezi minane kabla ya hapo aliniomba nauli. Nilimwambia asubiri mwisho wa mwezi.

Kuchelewa kama huko huua hapa Marekani pia, ingawa kila tukisikia kwamba watu weusi wa nchi hii hufa zaidi kwa saratani, wengi wetu husema ni damu, yaani kurithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanawake weusi na weupe wa Marekani walikufa kwa saratani ya matiti kwa viwango vilivyokaribiana sana. Kisha upimaji wa mamogramu ukaenea, zikaja na dawa kama tamoksifeni, na vifo vya weupe vikapungua upesi kuliko vya weusi. Leo wanawake weusi huugua saratani hiyo kwa kiwango cha chini kidogo kuliko weupe, lakini hufa kwa takriban asilimia 40 zaidi. Sikatai, ipo aina kali ya ugonjwa huu inayowapata weusi zaidi. Lakini damu ya watu haigeuki ndani ya miaka kumi. Kilichogeuka ni nani aliyefikiwa na tiba mapema.

Kwetu Mpanda, kufikiwa na tiba mapema ni suala la barabara na reli. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilipatikana Ocean Road peke yake, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwetu. Sasa hospitali ya Bugando, Mwanza, nako inatolewa, na bado ni mbali. Ila kumpima mwanamke mlango wa kizazi kwa siki huchukua dakika chache, na chanjo ya kuzuia saratani hiyo (HPV) imekuwa ikitolewa kwa wasichana nchi nzima tangu 2018. Wapigieni simu mama, dada na shangazi zenu. Waulizeni kama wamepima, hata kama mnaona haya kulitaja.

Kwenye kikao kijacho nitaomba theluthi ya mfuko wetu wa misiba itengwe kwa nauli na malazi ya wagonjwa. Mimi nimeshaweka kiasi kilekile alichoniomba shangazi.